Nilishinda Mara 9 Kati ya 14, Mtaji Ukapungua

"Kaka, mbona hapa hujaandika uliweka ngapi?"

Mdogo wangu alikuwa ameliinamia daftari langu la biashara, kidole kimesimama kwenye mstari wa 11. Yeye hatredi kripto, yaani hanunui na kuuza sarafu za kidijitali kama mimi, na hajawahi kufungua chati maishani mwake. Kazi yake ni kukagua hesabu za watu, na nilimpa daftari lile kwa sababu nilikuwa nimelitazama siku tatu bila kuona kosa liko wapi.

Mistari ilikuwa 14. Kila mmoja una jina la sarafu, sababu ya kuingia, bei ya kuingia, bei ya kutoka, na dola nilizopata au nilizopoteza. Nilishinda mara 9, nikapoteza mara 5. Nilianza na dola 2,000, nikamaliza na 1,640.

Nimepatia mara nyingi kuliko nilivyokosea, na dola 360 hazipo.

Nililichukua daftari nikalipekua kuanzia ukurasa wa kwanza. Kweli. Kulikuwa na safu ya sababu, kulikuwa hata na safu niliyoiita "hali yangu kabla ya kuingia", ambamo niliandika kama nimelala vya kutosha au la. Safu ya dau haikuwepo. Miezi miwili ya kuandika kila kitu, na sikuwahi kuandika nimeweka kiasi gani.

Swali lile limekaa nami wiki tano sasa.

## Nilidhani ni nidhamu

Ungeniuliza siku moja kabla, ningekujibu bila kusita kwamba tatizo langu ni nidhamu. Nilijua vizuri kwamba biashara zilizoniumiza ni mbili, ya 11 na ya 13. Katika zote mbili niliweka oda ya kukata hasara, yaani agizo linalouza lenyewe bei ikishuka hadi nilipopanga, kisha bei ilipoikaribia nikaisogeza chini. Ya 11 niliisogeza mara mbili. Kila anayefundisha kutredi anasema usisogeze oda. Nikasogeza, nikaumia, nikaapa kwamba safari ijayo sisogezi.

Kilichonisumbua ni kwamba kiapo hicho nilishakila mara mbili huko nyuma.

Tena, katika zile biashara nyingine 3 za hasara sikusogeza chochote. Oda ilikaa pale pale, bei ikaigusa, nikapoteza dola 20, 25 na 30, nikaweka simu chini nikaendelea na siku yangu. Mtu ni yule yule, wiki ni zile zile. Kama ubovu uko kwenye tabia yangu, mbona tabia hiyo ilitulia mara tatu bila shida?

Jukwaa ninalonunulia na kuuzia sarafu huhifadhi kumbukumbu ya kila oda. Nikaifungua, nikachora safu mpya pembeni mwa daftari kwa kalamu nyekundu, nikaanza kujaza dau la kila biashara, moja baada ya nyingine.

Biashara 12 zilikuwa na dau la dola 500 hivi.

Ya 11 ilikuwa 2,350. Ya 13 ilikuwa 3,300.

Mtaji wangu wote haukuwahi kufika hata 2,200. Hizo mbili nilizifungua kwa levareji, yaani kwa nguvu ya fedha za kukopeshwa na jukwaa, na sikukumbuka kama nilikaa chini nikaamua kufanya hivyo. Nilivuta tu kitelezi kwenye skrini.

## Karatasi ya pili

Faida zote 9 jumla yake ni dola 280. Hasara 3 ndogo ni 75. Hizo nikaziacha kama zilivyo, nikachukua karatasi nyingine nikazirudia zile mbili kubwa.

Kwanza nilijipa nidhamu kamili. Oda zinakaa nilipoziweka, ila dau linabaki lile kubwa. Biashara ya 11 oda ilikuwa asilimia 4 chini ya bei ya kuingia, kwa hiyo hasara ni dola 94. Ya 13 ilikuwa asilimia 3, hasara 99. Ukitoa zote kwenye faida, ninabaki na dola 12. Miezi miwili ya kukodolea macho chati, dola 12.

Kisha nikageuza. Sasa nidhamu sina. Nimesogeza oda zote mbili kama nilivyofanya kweli, nimetoka bei ikiwa imeshuka asilimia 10, lakini dau ni 500 kama siku zote. Hasara ni 50 na 50. Ninabaki na faida ya dola 105.

Nilirudia hesabu hiyo mara nne nikidhani nimekosea kujumlisha.

Mimi asiye na nidhamu mwenye dau dogo nilimzidi mimi mtiifu mwenye dau kubwa, karibu mara tisa. Na kama ningekuwa na vyote viwili, dau la 500 na oda isiyosogezwa, daftari lingefungwa na faida ya 170.

Niseme wazi kwamba biashara 14 ni chache mno. Zile 9 za faida zinaweza kuwa bahati tupu, na sina haki ya kujiita msomaji mzuri wa soko kwa sababu yake. Lakini hesabu ya dau haijali kama nalijua soko au silijui. Inauliza kitu kimoja tu: siku nitakapokosea, nitakuwa nimeshika kiasi gani?

## Kidole gumba

Kwenye simu, oda ya kukata hasara huonekana kama mstari mwekundu uliolala juu ya chati, na unaweza kuuburuta kwa kidole.

Nakumbuka nilivyouburuta usiku wa biashara ya 11. Bei ilikuwa imeshuka mishumaa mitatu mfululizo, vile vijiti vya bei kwenye chati. Tarakimu iliyokuwa pembeni ilisomeka hasi 81. Hasara niliyoizoea ilikuwa dola 25, hivyo hii ilishakuwa mara tatu yake na ilikuwa bado inakua. Sikuwa naangalia chati tena. Sababu iliyoniingiza kwenye biashara ile ilishavunjika, na nafasi ya kuona hivyo ilikuwepo mbele ya macho yangu, lakini macho yalikuwa kwenye ile tarakimu. Kidole gumba kilikuwa na jasho. Mstari uliteleza chini zaidi ya nilivyokusudia, na nikauacha hapo hapo.

Dakika arobaini kabla, niliikubali hasara ya dola 94 kwa kubonyeza tu. Ilipofika mlangoni sikuweza kuipokea.

Hapo ndipo fikra yangu ilipogeuka, na ilichukua wiki nzima kukaa sawa. Nilikuwa nimepanga mambo mawili bega kwa bega, nidhamu upande huu na dau upande ule, kana kwamba kila moja linajitegemea. Kumbe la pili lilikuwa linalivuta la kwanza. Kwa dau la 500 nilikuwa mtiifu bila kujitahidi, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuogopa. Kwa dau la 2,350 utii ulihitaji ujasiri ambao sina, na ambao sioni sababu ya kuutegemea usiku.

Biashara ya 13 ilikuwa mbaya zaidi, maana pale nilipiga hesabu kabisa. Mtaji ulikuwa 1,933 na kabla ya kuanguka ulikuwa 2,122. Nilitaka dola 189 zirudi. Nilitarajia bei ipande asilimia 5.7 hivi, nikatafuta ni dau gani litaleta 189 kwa mpando huo. Jibu likaja 3,300. Sarafu ile haikuwa na lolote lililostahili dau kubwa namna hiyo. Kidonda ndicho kilichopima dawa.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikuwa nikiitumia kauli hiyo kwenye michezo. Sikujua ina kazi hapa pia.

## Kuanza na hasara

Sasa napima dau kwa kuanzia mwisho. Namna hii si ugunduzi wangu, imo katika kila somo la kutredi na nilishaisoma zamani. Nilichokosa ni kuamini kwamba inanihusu na mtaji wangu mdogo.

Mtaji ni 1,640. Asilimia 1 yake ni dola 16.40, na hiyo ndiyo niko tayari kuiaga. Kisha natazama chati nijiambie ni bei gani ikifikiwa nitajua nimekosea. Tuseme iko asilimia 4 chini. Nagawanya 16.40 kwa 0.04, napata dau la dola 410. Kama mahali pa kukosea pako mbali zaidi, asilimia 8, dau linashuka hadi 205. Sarafu inayoyumba sana inapata dau dogo yenyewe, bila mimi kubishana nayo.

Ukifika hapo, levareji inapoteza ule mvuto wake. Dau limeshapangwa na hasara, na levareji inabaki kuamua tu ni kiasi gani cha dhamana, yaani fedha yako mwenyewe inayosimamia mkopo, kitashikwa na jukwaa. Inabaki pia na hatari moja ambayo nimeiona ikiwakuta watu wengi: kwa levareji ya mara 20, yaani dau mara 20 ya dhamana, jukwaa hufunga biashara yako kwa nguvu kabla hata bei haijashuka asilimia 5, kwa sababu halingoji dhamana iishe yote. Kama oda yako iko asilimia 8 chini, haitafikiwa kamwe. Umeshatolewa.

Na ile asilimia 1 yenyewe si ahadi. Oda ya kukata hasara ikiguswa, unauziwa kwa bei itakayopatikana. Soko likiporomoka kwa kasi, bei hiyo yaweza kuwa mbali na uliyoandika. Ukichagua aina ya oda yenye bei ya mwisho, soko likaruka bei hiyo, huuzi kabisa. Ndiyo maana nabaki kwenye 1 na sithubutu 3. Lazima pawepo nafasi ya mambo kwenda vibaya kuliko mpango.

Kuna na jambo la hasara mfululizo. Rusha sarafu ya kawaida mara 100, na uwezekano wa kuona upande mmoja uliouchagua ukitokea mara 6 mfululizo mahali fulani humo unazidi nusu. Mkondo wa hasara 6 kwa hiyo ni jambo la kutarajiwa kwa mtu wa kawaida, hata kama hajakosea popote. Hasara 10 mfululizo kwa asilimia 2 kila moja zinakuacha na asilimia 82 hivi ya mtaji. Kwa asilimia 10 kila moja, unabaki na 35. Na aliyebaki na 35 anahitaji karibu kuzidisha mtaji mara tatu ili arudi alipokuwa.

Aliyepoteza nusu anahitaji kupata asilimia 100. Aliyepoteza asilimia 90 anahitaji 900.

Bitcoin yenyewe ilikuwa karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 16,000. Aliyenunua kileleni bila mkopo wowote na akaweza kungoja aliiona bei yake ikirudi Machi 2024. Aliyenunua kwa levareji, hata ya mara mbili tu, hakuwepo tena ilipofika.

## Kanuni ya Kelly, na kwa nini iliniogopesha

Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa Bell Labs huko Marekani, alichapisha kanuni ya kukokotoa ni sehemu gani ya mtaji uweke kwenye kila dau ili mtaji ukue kwa kasi kubwa kuliko zote kwa muda mrefu. Kwa dau linalolipa sawa kwa sawa, yaani ukikosa unapoteza chote ulichoweka na ukipata unaongezewa kiasi hicho hicho, ni rahisi mno: toa nafasi ya kukosa kwenye nafasi ya kupata. Ukipata mara 55 kati ya 100, weka asilimia 10.

Niliijaza kwa rekodi yangu. Mara 9 kati ya 14. Kanuni ikaniambia niweke karibu asilimia 29 ya mtaji kila mara.

Nilikaa na namba hiyo jioni nzima. Kanuni ni sahihi, imethibitishwa kihisabati. Kosa liko kwenye kile nilichoilisha, kwa sababu inadai uijue nafasi yako halisi ya kushinda, na mimi nilichonacho ni makisio yaliyotoka kwenye mistari 14 ya daftari.

Basi tuseme ukweli ni kwamba sina ujuzi wowote, napata mara 50 na kukosa mara 50. Kwa asilimia 10 kila dau, kila ushindi na hasara vinavyofuatana vinanirudisha kwenye 0.99 ya nilichokuwa nacho: 1.10 mara 0.90. Baada ya biashara 100 ninabaki na asilimia 60 hivi ya mtaji, ingawa nimeshinda sawasawa na nilivyoshindwa. Kwa asilimia 29 ninabaki na asilimia 1. Kwa asilimia 1 kila dau, ninabaki na 99.5.

Ile tofauti kati ya 1 na 99.5 ni ya mtu yule yule, mwenye bahati ile ile, katika soko lile lile. Hata wanaoipenda kanuni ya Kelly huwa wanatumia nusu yake au robo. Mimi sina data ya kustahili hata robo.

## Sarafu tano, dau moja

Kabla ya daftari hili nilijiona nimejipanga vizuri kwa sababu nilikuwa na sarafu tano tofauti, kila moja na asilimia 2 ya hatari. Niliandika "hatari: 2%" kwa kila moja na nikalala.

Tarehe 12 Machi 2020 Bitcoin ilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake ndani ya siku moja, na Ethereum ikafanya vivyo hivyo. Tarehe 10 Oktoba 2025, baada ya tangazo la ushuru mpya wa Marekani dhidi ya China, biashara za mkopo zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24. Bitcoin ilianguka kwa zaidi ya asilimia 10. Sarafu ndogo kadhaa ziliporomoka zaidi ya nusu kwa dakika chache, kisha zikapanda tena, sarafu za wenye oda zikiwa zimeshauzwa chini kabisa.

Nimetazama chati za siku zote mbili kwa muda mrefu. Sarafu zinazotembea kila moja kivyake wakati wa utulivu hufungwa kamba moja siku ya hofu. Siku hiyo ndiyo siku unayohitaji tofauti kati ya sarafu, na ndiyo siku haipo. Asilimia 2 mara tano ilikuwa asilimia 10 kwenye dau moja.

Hata wale waliojikinga kwa kushika pande mbili, wamenunua sarafu moja na kuuza nyingine, hawakusalimika wote Oktoba ile. Baadhi ya majukwaa yalilazimika kufunga hata biashara zenye faida ili kufidia zilizofilisika. Mtu akaamka mguu mmoja wa kinga umekatwa na mwingine bado unavuja.

Sasa nazihesabu zote pamoja. Hatari ya biashara zote zilizo wazi kwa upande mmoja haizidi asilimia 3 ya mtaji, ziwe mbili au sita.

## Pesa inapolala

Sehemu hii naiandika haraka kwa sababu wengi mnaijua kwa maumivu.

Ukipima dau kwa uangalifu wote huo na mtaji mzima umeukalisha kwenye jukwaa moja, hatari yako halisi ni asilimia 100. Mt. Gox, jukwaa la kuuzia bitcoin, ilianguka Februari 2014 ikisema bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani, na ni mwaka 2024 ndipo wateja wake walipoanza kulipwa sehemu ya bitcoin zilizopatikana. Celsius, iliyokuwa ikipokea amana za kripto, ilifunga milango ya kutoa fedha Juni 2022. FTX, jukwaa jingine kubwa, ikafuata Novemba mwaka huo huo. Hakuna oda ya kukata hasara inayofanya kazi dhidi ya jukwaa lenyewe.

Sarafu za dola, yaani zile ambazo kila moja inakusudiwa kubaki na thamani ya dola 1, nazo zina ngazi za hatari. Mojawapo, UST, haikuwa na dola nyuma yake. Ilitegemea sarafu nyingine, LUNA, ambayo mwanzoni mwa Mei 2022 ilikuwa zaidi ya dola 80 na katikati ya mwezi huo haikufika hata senti moja. Nyingine, USDC, ilikuwa na akiba ya kweli, na bado Machi 2023 ilishuka chini ya senti 90 kwa muda, kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba hiyo zilikuwa kwenye benki ya Marekani iitwayo Silicon Valley Bank ilipoanguka. Ilirudi ndani ya siku chache. Aliyeuza kwa hofu Jumamosi ile hakurudishiwa kitu.

Kwa hiyo fungu la kukaa, yaani sarafu nisizozitredi, liko kwenye pochi yangu mwenyewe ya kidijitali, na maneno yake 24 ya siri ya kuifungua yameandikwa kwenye karatasi mbili zinazokaa mahali pawili. Hilo nalo lina hofu yake, na nimeichagua nikijua.

## Mafungu, na ukuta kati yake

Hapa nitakawia, maana ndipo nilipobadilika zaidi.

Nilikuwa na mafungu matatu hata zamani. Fungu la kukaa, Bitcoin na Ethereum kidogo, siligusi. Fungu la akiba, sarafu za dola. Na fungu la kutredi, zile dola 2,000. Nilijivunia mgawanyo huo. Lakini mafungu yasiyo na ukuta ni fungu moja lenye majina matatu.

Jukwaa lilinipa hiari ya kuchagua dhamana: iliyotengwa, ambayo biashara inashikilia kiasi ulichoipa tu, au ya pamoja, ambayo salio lote la akaunti linaibeba biashara inayozama. Akaunti yangu ilikuwa kwenye ya pamoja, na akiba yangu ya sarafu za dola ilikaa humo humo. Biashara ya 13 ilipokuwa inashuka haikufungwa kwa nguvu, na niliona hilo kama neema. Kumbe akiba nayo ilikuwa imesimama nyuma yake kama dhamana. Bei ingeporomoka vya kutosha kumaliza fungu la kutredi, ingeanza kula akiba yenyewe, na sikuwahi kuiruhusu.

Nimeihamisha akiba kwenye akaunti nyingine kabisa. Dhamana sasa ni iliyotengwa. Fungu la kutredi likiisha, limeisha. Haliruhusiwi kukopa kwa ndugu zake. Likishuka hadi 1,400 naacha kutredi mwezi mzima, na namba hiyo nimempa mdogo wangu, kwa sababu najua siku ikifika nitapata sababu nzuri sana ya kuibadilisha.

Faida nayo nimeipangia njia. Kila mwisho wa mwezi wenye faida, nusu inavuka kwenda fungu la kukaa. Zamani faida yote ilibaki kwenye kutredi na kuongeza dau, na ndivyo ushindi wa biashara 7 kati ya 10 za mwanzo ulivyonipeleka kwenye ile ya 11. Nilikuwa juu kwa dola 122 na nikajiona nimeiva.

Kuna kitu ambacho sijakipatia jibu. Msomaji mwenye dola 100 ataniuliza: asilimia 1 ni dola 1, nifanye nini nayo? Ada za jukwaa zitaimega kabla haijatembea. Ana haki. Na najua kwa nini dau kubwa linamvuta, maana kwa mtaji huo njia ya polepole inaonekana kama kusimama. Ninachoweza kumwambia ni nilichofanya mimi: ninaongeza kiasi kidogo kwenye mtaji kutoka mshaharani kila mwezi, na kuna miezi ambayo nyongeza hiyo inazidi faida yote ya kutredi. Iliniuma kuliona hilo kwenye daftari. Bado sijui kama linamaanisha niendelee kutredi au niache ninunue tu na kukaa. Nimejipa biashara 100 kwa asilimia 1 kabla ya kuamua, kwa kuwa 14 haziwezi kunijibu.

## Mstari wa 9

Daftari jipya lina safu ya dau, na nimeiweka ya kwanza, kabla hata ya jina la sarafu. Mdogo wangu alilipitia juzi. Aliuliza kwa nini dau la mstari wa 6 ni 190 wakati la 5 ni 430, nikamweleza habari ya umbali wa oda, akaitikia kwa kichwa na kufungua ukurasa mwingine.

Hadi jana nilikuwa na faida 4 na hasara 4, na mtaji ulikuwa 1,661.

Biashara ya 9 niliifungua asubuhi, dau 415, oda asilimia 4 chini. Ninapoandika aya hii bei iko karibu kabisa na mstari mwekundu. Nimeitazama mara mbili tangu nianze sehemu hii ya mwisho. Ikigusa, nitaandika hasi 16.60 na kuchora mstari wa 10.